Yule wa Pili

Mmekuja na kibao cha nta, vijana wa Efeso,
mnatafuta majina.
La Aristoni mnalo, limeshakauka kwenye ngozi.
La yule wa pili mnaniuliza
kama mtu anayeuliza punda wao alikuwa wa rangi gani.

Kaeni. Vueni viatu, sakafu nimeifagia.
Mimi ni Ammia, mjane wa mwenye nyumba hii ya wageni,
hapa Perga, njia inapoacha bonde na kuanza kutafuta milima.
Wengi wamelala humu. Wengi nimewasahau.

Menodoro. Andikeni hivyo hivyo.
Najua orodha yenu nyingine inasema Teodoro,
na wapo wanaobisha kuwa ni watu wawili,
au mmoja aliyelitubu jina lake.
Hakulitubu. Mama yake, mtu wa Pisidia,
alimzaa usiku wa mwezi mpevu, mimba tatu zikiwa zimeharibika,
akamwita zawadi ya Meni, mungu mwezi wa kwao.
Siku ya kubatizwa, katika mto Kestro,
Aristoni alimwandalia jina safi.
Akaibuka majini anatetemeka, akasema:
"Mwezi nao uliumbwa. Niachie zawadi yangu."
Aristoni alinuna siku mbili.
Ya tatu nikawasikia wanacheka.

Myahudi au Myunani?
Alisali na hawa, akala na wale.
Fedha alihesabu kwa Kiyunani,
ndoto aliota kwa Kipisidia; ukuta huu ni mwembamba.
Mtumwa au huru?
Alikuwa na kovu hapa, juu ya kifundo cha mguu,
na hati ya uhuru aliyofungia chumvi.

Aristoni alijua kusema. Hilo sikatai.
Hata wauza samaki walinyamaza akifungua kinywa.
Lakini hakujua bei ya mkate,
wala kwamba sufuria hukwanguliwa na mtu.
Wasemao mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi
hawakumwona Menodoro akirudi kutoka Tauro, theluji ndevuni,
magombo kifuani, mwalimu mgongoni,
na mwalimu, homa imempanda,
bado anahubiri, anamhubiria sikio.

Na hizo barua mnazosomewa mkikusanyika,
mkono ni wake. Macho ya Aristoni yalikuwa na ukungu.
Mimi ndiye niliyeshika taa.
Mwishoni, mnajua, huja salamu:
fulani anawasalimu, fulani na watu wa nyumbani mwake.
Nikamwona amefika mahali pake.
Kalamu ikasimama.
Kisha akaandika: na ndugu walio pamoja nami.
Nikamwuliza, ndugu gani?
Humu mko wawili, na mimi, na paka.
Akapuliza wino.

Alirudi peke yake, mwaka ule shayiri ilipooza.
Hakueleza walimfanya nini Aristoni huko Likaonia,
nami sikuuliza; nilipasha maji.
Alikula zeituni, kokwa akazipanga dirishani
mafungu mawili.
Alfajiri nikamwona anaondoka na mzigo ule ule,
kushoto mwa njia,
hatua moja nyuma ya mtu asiyekuwepo.

Alikofia sikujui.
Msiandike kwamba alihubiri, sikumsikia.
Andikeni alijua kushona kiatu gizani.
Andikeni hakupenda vitunguu, akavila.
Andikeni alidai deni langu kwa yule mpanda nyumbu mkorofi,
akalileta lote, na nusu ya ndevu zake.

Hebu. Umeandika nini hapo?
Nisomee, kijana, mimi herufi sizijui.

"Aristoni, na mwenzake."

Nta bado laini.
Futa.